Usawa wa Chuo Kikuu na Futikamba ya Profesa

Mapema miaka ya 1990, Nancy Hopkins, profesa wa biolojia katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, yaani MIT, alikuwa akibaki kazini usiku wenzake wakishaenda nyumbani, akipita maabara moja baada ya nyingine na futikamba mkononi. Alikuwa ameomba aongezewe nafasi, futi 200 hivi za mraba, aweke matangi ya samaki wadogo wenye milia aliotaka kuwafanyia utafiti. Akanyimwa. Ndipo akaamua kupima. Alipomaliza kujumlisha, akaona wanaume wa cheo chake wana nafasi kubwa kuliko yake.

Mwaka 1994 yeye na wanawake wenzake wa shule ya sayansi, yaani kitivo cha sayansi cha chuo hicho, walihesabu na watu. Maprofesa wenye ajira ya kudumu walikuwa wanaume 194 na wanawake 15. Walilipeleka suala hilo kwa mkuu wa shule hiyo, mwanafizikia Robert Birgeneau. Angeweza kuwashukuru kwa moyo wao wa kujitolea na kulifungia faili kabatini. Wakuu wengi hufanya hivyo na hakuna anayewalaumu. Yeye aliunga mkono kuundwa kwa kamati yenye ruhusa ya kuchungulia mishahara, nafasi za maabara na fedha za utafiti, na hata kabla kazi haijaisha akaanza kurekebisha kilichoonekana. Muhtasari wa ripoti ulitolewa hadharani mwaka 1999. Rais wa chuo, Charles Vest, aliandika maneno machache ya utangulizi: siku zote alidhani ubaguzi wa kijinsia vyuoni ni mchanganyiko wa ukweli na hisia za watu; sasa ameelewa kwamba sehemu kubwa zaidi ni ukweli.

Chuoni pale hakukuwa na kanuni iliyosema mwanamke apewe maabara ndogo, wala kikao kilichoketi kikapitisha hivyo. Mmoja alipata chumba kwa sababu alikuwa na urafiki na mwenye funguo, mwingine alipewa fedha kwa sababu alijua wakati wa kuomba, wa tatu aliachwa nje ya kamati kwa sababu hakuna aliyemkumbuka. Ukimuuliza mhusika wa kila uamuzi, atakupa sababu inayoingia akilini. Tatizo linaonekana pale tu unapoyaweka maamuzi ya miaka ishirini kwenye karatasi moja.

Ripoti hiyo ilikuwa na jambo jingine ambalo halitajwi mara nyingi. Wanawake vijana, waliokuwa ndiyo kwanza wameajiriwa, walisema mambo ni mazuri na kwamba shida hizo ni za kizazi kilichopita. Wakubwa wao nao walikuwa wamesema hivyohivyo walipokuwa vijana. Kutengwa kulikuwa kukiongezeka kadiri mtu anavyopanda cheo na kukaribia mahali rasilimali zinapogawanywa. Ndiyo maana kiongozi wa chuo anayeuliza wafanyakazi wapya tu kama mambo yako sawa hupata jibu la kumfurahisha.

Maneno matatu yasiyo kitu kimoja

Siku hizi vyuo vikuu vingi vikubwa vina sera ya usawa, uanuwai na ujumuishi. Maneno hayo hutajwa kwa pumzi moja kana kwamba ni jina la ukoo. Kumbe kila moja lina kazi yake, na mara nyingine yanavutana.

Tuanze na usawa, maana Kiswahili hapa kina mtego wake. Tukisema vitu viwili ni sawa, twamaanisha vinalingana. Tukisema jambo liko sawa, twamaanisha liko inavyotakiwa. Mabishano mengi ya usawa vyuoni ni watu wawili wanaotumia neno hilo moja, kila mmoja na maana yake. Chukua mtihani wa saa tatu. Kumpa kila mwanafunzi saa tatu zilezile ni kulinganisha. Lakini mwanafunzi asiyeona, anayesoma kwa nukta nundu au kwa programu inayomsomea maandishi kwa sauti, hutumia sehemu kubwa ya muda huo kuyafikia maswali tu. Ukimwongezea muda, muda haulingani tena, ila sasa mtihani unapima kile ulichokusudiwa kupima: anajua nini. Mhadhiri anayelalamika kwamba huo ni upendeleo hasemi uongo. Anashika maana moja ya neno na kuiacha nyingine.

Uanuwai ni suala la kuhesabu: nani wamo, kutoka wapi, wa jinsia gani, wa hali gani. Ni rahisi kupima, ndiyo maana ndio unaopendwa kwenye ripoti za mwaka na kwenye picha za vipeperushi.

Ujumuishi ndio mgumu. Hapo swali ni kama aliyeingia anaweza kufanya kazi, kusikika na kubaki. Makerere ilipopokea wanafunzi wa kwanza wa kike mwaka 1945, kaulimbiu ya chuo ilikuwa inawahimiza wote, kwa maana ya moja kwa moja, wawe wanaume. Ilibidi ibadilishwe, ikawa ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Wanawake kuingia darasani ulikuwa uanuwai. Kuisoma upya kaulimbiu ile, na kukubali kwamba chuo ndicho kinachopaswa kubadilika, huo ulikuwa mwanzo wa ujumuishi. Tena mwanzo tu: chuo hichohicho mwaka 1990 kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili, miaka 45 baadaye.

Nani hasa ni kiongozi hapa?

Anayetazama chuo kikuu kutoka nje hudhani kinaendeshwa kama jeshi: Makamu Mkuu wa Chuo anatoa amri, inateremka hadi chini. Aliyefanya kazi humo hucheka. Maprofesa hawaamrishwi kirahisi. Wengi wana ajira ya kudumu, wanajivunia uhuru wao wa kitaaluma, na mkuu wa idara wa leo atarudi kuwa mwenzao wa kawaida baada ya miaka mitatu au minne. Mara nyingi hakuutaka huo ukuu; zamu ilimfikia.

Lakini huyohuyo mkuu wa idara, aliyechoka na anayehesabu siku arudi kwenye utafiti wake, ndiye anayepanga nani afundishe darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 500 na nani apewe semina ya watu 8. Yeye ndiye anayemnong'oneza mhadhiri kijana kwamba mwaka huu uko tayari kuomba kupanda cheo, au asimnong'oneze. Yeye ndiye anayeweka kikao cha idara saa 11 jioni, saa ambayo mzazi wa mtoto mdogo yuko mlangoni akiangalia saa. Sera iliyotiwa saini juu na Baraza la Chuo hupita kwenye mikono hii, na aghalabu hufia hapo bila mtu yeyote kuipinga.

Kwa hiyo tukizungumzia viongozi wa taaluma na usawa, ngazi ya kati ndiyo yenye uzito kuliko inavyodhaniwa. Wakuu wa juu wana kazi yao, hasa kuhakikisha takwimu zinakusanywa na fedha zinafuata maneno. Uamuzi wa kila siku hawanao.

Chumba cha usaili

Hebu tuingie ndani. Jopo la watu watano limekaa kuchagua mhadhiri. Mezani kuna faili mbili zilizobaki. Wa kwanza ana machapisho mengi na uzoefu mdogo wa kufundisha. Wa pili amefundisha miaka saba kwa sifa nzuri, machapisho yake ni machache. Mjumbe mmoja, mwenye sauti nzito na mvi, anasema: "Mwisho wa yote, idara yetu ni ya utafiti." Vichwa vinatikisika. Imekwisha.

Sasa badilisha majina, mwenye machapisho awe yule ambaye jopo halikumtarajia. Je, sentensi ile ingetamkwa, au tungesikia kwamba "tunahitaji mtu anayejua wanafunzi"? Swali hili limefanyiwa majaribio. Mwaka 2005 wanasaikolojia Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walionyesha kwamba watu wanaochagua mtu wa kazi hugeuza vigezo vyenyewe vimfae yule ambaye tayari wanamwona anafaa, halafu hujiona wametenda haki kabisa. Ila walipotakiwa kukubaliana vigezo kabla ya kuwaona waombaji, upendeleo huo ulitoweka.

Jaribio jingine, la mwaka 2012, liliongozwa na mwanasaikolojia Corinne Moss-Racusin. Wanasayansi 127 wa vyuo vikuu vya Marekani walipewa wasifu wa mwombaji wa kazi ya kusimamia maabara. Wasifu ulikuwa mmoja, neno kwa neno, isipokuwa nusu walisoma jina la John na nusu la Jennifer. John alionekana hodari zaidi, na mshahara aliopendekezewa ulikuwa wastani wa dola 30,238, dhidi ya 26,508 za Jennifer. Wanasayansi wa kike walimpunja Jennifer sawa na wa kiume. Hilo ndilo linalonifanya nisiwe na imani sana na dawa ya kuongeza mwanamke mmoja kwenye jopo na kuendelea na mambo kama kawaida.

Kinachomfaa mwenyekiti wa jopo ni vitu vya kawaida sana, vya karani mwangalifu. Vigezo viandikwe na kupewa uzito kabla faili hazijafunguliwa. Kila mjumbe aandike alama zake kabla mtu hajafungua mdomo. Mdogo kwa cheo aseme kwanza, maana profesa akishasema, mhadhiri msaidizi hana la kuongeza ila "nakubaliana". Na anayesema mwombaji fulani "hataendana na sisi" aombwe kutaja kigezo gani anachozungumzia. Kimya kinachofuata hapo hufundisha kuliko semina ya siku mbili.

Nimetaja semina makusudi. Chuo kikipata aibu, jambo la kwanza kufanywa ni kuwapeleka watu wote mafunzoni. Wanasosholojia Frank Dobbin, Alexandra Kalev na Erin Kelly walichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa sehemu za kazi 708 za Marekani, kwa takwimu za miaka zaidi ya thelathini. Mafunzo dhidi ya upendeleo yalikuwa miongoni mwa hatua zilizozaa matunda kidogo kabisa. Zilizofanya vizuri zaidi ni zile zilizompa mtu au kamati fulani jukumu la kujibu: lengo ni hili, anayewajibika ni huyu, tutamuuliza mwezi fulani. Hizo zilikuwa kampuni, si vyuo, lakini sioni sababu ya maprofesa kuwa viumbe tofauti.

Kazi isiyohesabiwa

Mwaka 1994 mwanasaikolojia Amado Padilla aliita jambo hili kodi ya utamaduni. Idara ina mhadhiri mmoja kutoka jamii iliyo chache chuoni. Kamati ya usawa inamhitaji. Jopo la usaili linamhitaji, lisije likaonekana la upande mmoja. Picha ya tovuti inamhitaji. Wanafunzi wanaofanana naye wanagonga mlango wake hata wasio wake, kwa kuwa kwake wanaweza kulia. Yote haya ni kazi, na nyingine ni ya maana kuliko makala ya jarida. Ila siku ya kupandishwa cheo, kinachohesabiwa ni makala ya jarida.

Kwa wanawake hali haiko mbali. Mchumi Linda Babcock na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba kazi zisizompandisha mtu cheo, zile za "nani ataandika muhtasari wa kikao", wanawake huombwa zaidi, hukubali zaidi na hujitolea zaidi. Kila mtu mezani anajua watakubali, kwa hiyo wanaume husubiri.

Uingereza ilionja uchungu wa jambo hili kwenye mpango wa Athena SWAN, wa usawa wa kijinsia vyuoni, ulioanza mwaka 2005. Idara hukusanya takwimu zake, huandika mpango wa kurekebisha kasoro na kuomba tuzo ya shaba, fedha au dhahabu. Mwaka 2011 Sally Davies, mganga mkuu wa serikali, alitangaza kwamba baadhi ya fedha kubwa za utafiti wa tiba zitahitaji idara iwe na tuzo ya ngazi ya kati, ile ya madini ya fedha. Ghafla wakuu waliokuwa hawana muda wakapata muda. Fedha hufungua macho. Lakini makaratasi yakawa mlima, na walioubeba mara nyingi walikuwa wanawake, yaani walewale ambao mpango ulikusudia kuwapunguzia mzigo. Sharti lile liliondolewa mwaka 2020.

Kwa mkuu wa idara, dawa ya kodi hii ni jedwali: kila mhadhiri, saa zake za kufundisha, kamati, wanafunzi anaowasimamia, vyote vikiwa wazi kwa idara nzima. Watu hulichukia jedwali hilo mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili wanaanza kulitumia kama ushahidi.

Na wanafunzi?

Kwa miaka mingi swali lilikuwa: wanafunzi hawa wana upungufu gani hata wanafeli? Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, Atlanta, ni mfano mzuri wa kugeuza swali. Viongozi wake walipochunguza takwimu waligundua kwamba kila muhula wanafunzi wengi walikuwa wakifutwa madarasani kwa deni dogo, hata waliokuwa na alama nzuri na waliobakiza kidogo kumaliza. Kuanzia mwaka 2011 chuo kikaanza kuwalipia baadhi yao deni hilo bila wao kuomba, kwa ruzuku ambazo kwa wastani hazifiki dola 1,000. Kikaongeza washauri wa masomo na mfumo wa kuangalia dalili za mapema, kwa mfano mwanafunzi kupata alama hafifu katika somo la msingi la fani yake. Pengo la kuhitimu kati ya wanafunzi weusi na weupe lilifungwa, na hakuna aliyeongezewa alama hata moja.

Darasani nako kuna la kufanya. Uchambuzi ulioongozwa na Elli Theobald mwaka 2020, uliokusanya tafiti nyingi za masomo ya sayansi, ulionyesha kwamba pale mhadhiri alipoacha kuhutubia mfululizo na kuwafanya wanafunzi wafanye kazi darasani, pengo la alama za mitihani kati ya wanafunzi wa jamii zilizoachwa nyuma na wengine lilipungua kwa theluthi hivi. Mkuu wa kitivo anayegharamia mabadiliko ya namna hiyo anafanya kazi ya usawa hata asipolitaja neno lenyewe.

Sheria hazifanani

Hapa ndipo viongozi wengi huteleza, kwa kunakili sera ya nchi nyingine. India hutenga nafasi kisheria katika vyuo vya serikali kuu, asilimia 15 kwa tabaka zilizobaguliwa tangu kale na 7.5 kwa jamii za kikabila. Brazil, kwa sheria ya 2012, hutenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma shule za umma. Uingereza, chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, huruhusu kumchagua wa kundi lililo chache pale tu wawili wanapolingana sifa. Kutenga nafasi kwa jumla hairuhusiwi. Marekani, Mahakama ya Juu tarehe 29 Juni 2023 iliamua kwamba Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina vimevunja sheria kwa kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili, na Texas ikafunga ofisi za uanuwai katika vyuo vyake vya umma kuanzia Januari 2024.

Hata mwenye nia safi hukwama. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, mwaka 2019 kilitangaza kwamba nafasi za taaluma zitafunguliwa kwa wanawake pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Mwaka uliofuata taasisi ya haki za binadamu ya nchi hiyo ikasema mpango huo umepitiliza, na ukarudi kwa sura nyembamba zaidi.

Pingamizi linalosikika kila mahali ni kwamba haya yote yanashusha ubora. Si pingamizi la kupuuzwa. Mtu aliyepata kazi kwa upendeleo wa wazi hubeba shaka ya wenzake miaka mingi, hata akiwa hodari. Lakini anayelitoa hudhani utaratibu wa awali ulikuwa ukipima ubora na kingine hakuna. Jaribio la John na Jennifer linasema ulikuwa ukipima na jina.

MIT ilirudi kujichunguza mwaka 2011. Idadi ya wanawake katika kitivo cha sayansi ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu, na mishahara na nafasi havikuwa tena malalamiko makuu. Yalikuwapo mapya. Baadhi ya wanawake walisema wenzao, hata wanafunzi, wanadhani waliajiriwa kwa kulegezewa masharti. Na ile kanuni nzuri, kwamba kila kamati iwe na mwanamke, ilikuwa imekutana na hesabu: kamati zilikuwa nyingi, wanawake bado wachache, na waliokuwapo walikuwa wakitoka kikao hiki wakiingia kile, maabara zao zikiwasubiri.